Kaseti za zamani ndani ya simu: anza na pamba na spiriti, kompyuta baadaye

Njia inayotumiwa na wengi ndiyo mbovu kuliko zote. Kaseti inawekwa kwenye redio, simu inashikwa mbele ya spika, na sauti inarekodiwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kinachopatikana ni taarabu iliyofungiwa ndani ya kopo. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea karibu na simu, kwa chaneli moja tu, na simu yenyewe ina kazi ya kupunguza kelele inayodhani fidla, ngoma na vigelegele ni kelele, basi inavikandamiza. Waya mmoja, kifaa kidogo cha USB na programu ya bure hutoa kitu tofauti kabisa.

Hata hivyo, kazi kubwa haiko kwenye kompyuta. Sauti ambayo kichwa cha redio, kile kipande cha chuma kinachosoma utepe, hakikuisoma, hakuna programu itakayoirudisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu uchafu, mpira na bisibisi.

Kwanza, ilinde kaseti

Mgongoni mwa kaseti, upande usio na utepe, kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kila pembe. Vivunje vyote viwili. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakishuki tena, na kidole kikiteleza hakitafuta harusi ya mwaka 1984. Kama kuna aliyeziba matundu hayo kwa selotepu zamani, ibandue.

Itazame kaseti kwenye mwanga. Unga mweupe kwenye kingo za utepe ni kuvu, jambo la kawaida kwa kaseti zilizokaa Pwani kwenye unyevu. Usiipige. Kuvu huhamia kwenye kichwa, kisha kwenye kila kaseti itakayofuata. Vaa barakoa, toka nje, fungua skrubu tano za ganda, futa kingo taratibu kwa pamba kavu, kisha hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine isiyo na thamani. Ganda lililogundishwa bila skrubu hupasuliwa kwa kisu kwenye mshono. Ganda litaharibika, utepe utapona.

Angalia pia kisponji kidogo kilichobebwa na kipande cha chuma chembamba, katikati ya upande ulio wazi. Kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na kichwa. Kikidondoka, sauti inafifia na kurudi, na watu hulaumu redio bure. Dawa ni ile ile ya kuhamisha ganda.

Utepe uliokatika uunge kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu ya ofisini haifai, kwa sababu gundi yake huyeyuka kwa joto na kunatisha mizunguko ya jirani. Kata ncha zote mbili kwa wembe, kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, kisha bandika upande wa ndani, yaani ule usiogusa kichwa. Utepe una upana wa milimita 3.8, kwa hiyo punguza chochote kinachozidi kingo.

Mwisho, peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo mara moja kabla ya kuipiga, ili mizunguko iliyoshikana iachiane. Kaseti za C120, yaani za dakika 120 kwa pande zote mbili, ni tofauti. Utepe wake una unene wa takriban maikromita 9, nusu ya ule wa C60, na redio kuukuu huula kwa urahisi. Hizo zirudishe kwa mkono, kwa kalamu ya Bic ya pembe sita, kama zamani.

Redio ipi, na isafishwe vipi

Kilicho bora ni deki ya kaseti yenye matundu ya kutolea sauti (LINE OUT) nyuma, jekundu na jeupe. Redio kaseti nzuri yenye tundu la hedifoni inafaa pia. Vile vikaseti vya USB vya bei ndogo vinavyouzwa mtandaoni ni rahisi kutumia, lakini mota zake nyingi huyumba, na sauti ya kinanda inatetemeka kama ya mtu mwenye baridi.

Nunua alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa inaweza kutumika iwapo haina mafuta: tone moja kwenye kioo, ikikauka bila kuacha doa, ni safi. Lowesha kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, sugua uso wa kichwa na kile kijiti cha chuma kinachozunguka pembeni yake, kinachovuta utepe. Pamba itatoka ya kahawia. Badilisha, sugua tena, hadi itoke nyeupe. Rola ya mpira inayokandamiza utepe isafishe kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kwa kuwa alkoholi hukausha mpira na kuupasua. Acha dakika kumi zikauke. Rudia kila baada ya kaseti tano, au kila kaseti moja kama zinaacha masizi.

Sauti ikiwa nzito na ya polepole, mpira unaounganisha mota na gurudumu umelegea, au umeyeyuka ukawa kama lami. Fundi redio yeyote mzoefu anaubadilisha. Kasi sahihi ni sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini huna haja ya kuipima hivyo. Tafuta wimbo ulioko kwenye kaseti ambao urefu wake halisi unaujua. Ukiwa wa dakika 4 kamili na redio yako inaupiga kwa dakika 4 na sekunde 10, uko nyuma kwa karibu asilimia 4. Fundi anaweza kurekebisha mota, au ukaongeze kasi kwenye kompyuta mwishoni, mara 1.042. Kasi inayoyumba, kwa upande mwingine, haitibiki kwenye kompyuta ya kawaida. Badilisha mpira.

Skrubu ambayo wengi hawaijui

Kila redio iliyorekodi kaseti ilikuwa na kichwa kilichoegemea kwa pembe yake. Redio yako ikiwa na pembe tofauti, hata kidogo sana, sauti nyembamba zinapotea: herufi «s» inafifia, matoazi yanakuwa kama yamefunikwa blanketi. Watu husema kaseti imezeeka, kumbe kichwa kimepinda tu.

Kando ya kichwa kuna skrubu mbili. Ile yenye springi chini yake ndiyo ya kurekebisha pembe. Deki nyingi huonyesha tundu dogo la kupitisha bisibisi mlango ukiwa umefungwa. Kwenye nyingine unachomoa kifuniko cha mlango. Weka alama ya kalamu mahali skrubu ilipo ili uweze kuirudisha. Tumia bisibisi isiyo na sumaku. Piga kaseti, vaa hedifoni, na kama kuna kitufe cha mono kibonyeze, maana kosa la pembe husikika zaidi chaneli mbili zikichanganywa. Zungusha taratibu sana, kulia kisha kushoto, hadi sauti ifunguke kabisa. Robo ya mzunguko inatosha. Ukizidi hapo umepotea njia, rudi kwenye alama.

Lifanye hili kwa kila kaseti. Barua ya sauti iliyorekodiwa Muscat na maulidi yaliyorekodiwa Lamu hazikupita kwenye redio moja. Hakuna dakika tano nyingine katika kazi hii zenye faida kama hizi.

Kuhusu kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa kaseti: kiwashwe iwapo tu kaseti ilirekodiwa nacho, na mara nyingi jalada lina alama. Kaseti za nyumbani nyingi hazikutumia Dolby, na ukiiwasha bila sababu sauti inazibwa.

Kuunganisha

Laptop nyingi za sasa zina tundu moja la duara kwa hedifoni na maiki pamoja. Usilitumie kuingizia sauti. Ni la maiki, la chaneli moja, na linatarajia sauti dhaifu, hivyo ya redio itapasuka. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye matundu ya kuingiza ya stereo, jekundu na jeupe. Behringer UCA202 ni mfano. Vile vijiti vidogo vya USB vyenye tundu la maiki la waridi havikusaidii, ni maiki tena.

Kutoka LINE OUT tumia waya wenye pini nyekundu na nyeupe pande zote mbili. Kutoka tundu la hedifoni, tumia waya wenye jeki ya milimita 3.5 upande mmoja na pini mbili upande wa pili. Sauti ya redio iwe theluthi moja hadi nusu, besi na trebo katikati, na kila kitufe cha kuongeza besi kizimwe.

Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, huo ni umeme wa hezi 50. Chomoa chaja ya laptop, tumia betri. Mara nyingi unanyamaza papo hapo. Redio inayotumia betri kavu nayo hukata mngurumo, ila weka mpya, kwa sababu betri zikichoka kasi inashuka polepole bila wewe kugundua.

Kama huna kompyuta, simu nyingi za Android zenye tundu la USB-C huikubali kadi hiyo ya sauti kupitia adapta ya OTG, ile ya kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu. Chagua programu ya kurekodi inayoruhusu maiki ya nje na faili za WAV, yaani za sauti isiyobanwa. Audacity, programu ya kurekodi kwenye kompyuta inayoelezwa hapa chini, haina toleo rasmi la simu. Ukiikuta huko yenye jina hilo, iache.

Kurekodi

Pakua Audacity kwenye tovuti yake yenyewe. Ni ya bure kwa Windows, Mac na Linux. Chagua kadi ya USB kama chanzo, chaneli mbili, 44100 Hz. Mstari ukibaki bapa huku kaseti inapiga, kwenye Windows fungua mipangilio ya faragha na uruhusu programu zitumie maiki. Windows huhesabu kila sauti inayoingia kuwa maiki, na hapo ndipo wengi hukwama.

Tafuta sehemu yenye kelele kuliko zote, vigelegele hasa, na urekebishe hadi kipimo kifike kati ya desibeli (dB) -12 na -6. Kikigusa sifuri, sauti imekatwa vichwa na haiponi. Ikiwa ndogo, utaiongeza baadaye bila hasara.

Zuia kompyuta isilale yenyewe, zima arifa, hifadhi mradi kwa jina kabla ya kuanza. Rekodi upande mzima bila kusimamisha. Wimbo unapoanza, bonyeza Ctrl+M uweke alama. Baadaye programu itakata nyimbo kwa alama hizo. Umeme ukikatika katikati, fungua Audacity tena, kwa kawaida itakuuliza kama unataka kurejesha ulichokuwa unarekodi. Kubali.

Hakuna mkato wa muda: C90 inachukua dakika 90. Kaseti 20 ni saa 30. Mbili kwa siku zinatosha, na masikio yanabaki na heshima.

Kusafisha sauti, kwa kiasi

Kwanza toa nakala asilia isiyoguswa, WAV au FLAC. WAV ya biti 16 hula takriban MB 10.6 kwa dakika, hivyo C90 nzima ni karibu GB 0.95. FLAC hupunguza hadi kama nusu bila kupoteza chochote.

Kisha fanyia kazi nakala. Chagua sekunde moja au mbili za mvumo mtupu kati ya nyimbo mbili, si kabla utepe haujaanza, fungua Noise Reduction, kazi ya Audacity ya kupunguza kelele, na uipe mfano huo. Halafu chagua rekodi yote na upunguze dB 6. Ukifika 12 na zaidi, waimbaji wanaanza kuimba chini ya maji. Mvumo kidogo ni wa kaseti, uvumilie. Kama sauti inasikika sikio moja tu, chaneli moja imekufa: futa ile mbovu, ibaki mono.

Kwenda kwenye simu, gari na kwa ndugu

Kwa muziki toa MP3 ya kbps 192, karibu MB 43 kwa nusu saa. Kwa mawaidha na barua za sauti, mono ya kbps 64 inatosha: MB 14 hivi. Kwenye WhatsApp itume kama faili, si ujumbe wa sauti. Kikomo ni GB 2. Nyimbo za wanamuziki waliozitoa sokoni zina wenyewe, kwa hiyo za kusambaza hadharani ziwe zile za familia.

Redio nyingi za gari hazisomi flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa exFAT, na za GB 64 kwenda juu kwa kawaida huja hivyo. Nunua ya GB 32, ifomati FAT32, weka MP3 tu. Jina la faili lianze na mwaka, kisha tukio, kisha upande: 1984_Harusi_Tanga_A. Piga picha ya jalada na maandishi yake, iweke folda moja na sauti, kwa sababu mwandiko huo nao unafifia.

Flashi peke yake si ghala. Weka nakala ya pili kwenye diski ya nje kwa ndugu wa mji mwingine, au kwenye Google Drive, yenye GB 15 za bure. Na kaseti zenyewe usizitupe: zirudishe kwenye makasha zikiwa zimesimama wima, utepe wote upande mmoja, mbali na dirisha na mbali na spika.