Tiketi za AFCON 2027: namna ya kuzipata ukiwa Malindi bila kumnufaisha mlanguzi

Kwenye CHAN ya Agosti 2025 (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani), baada ya mashabiki kuvamia uwanja wa Kasarani, Nairobi, siku ya mechi ya Kenya na Morocco, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliagiza watazamaji wapunguzwe hadi 27,000 na tiketi ziwe za kielektroniki pekee. Kwetu hilo lina heri yake: aliye Maweni hapa Malindi na aliye Roysambu karibu na uwanja wanabisha mlango mmoja. AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na mimi ninayewanunulia watu tiketi hapa saibani huenda hivi.

Hatua ya 1: Majina
Andikeni jina la kila mtu kama lilivyo kwenye kitambulisho au pasipoti, si lile la mtaani. Kila mmoja awe na barua pepe yake na nenosiri analolikumbuka (watu hufungua barua pepe saibani leo, kesho hawajui waliandika nini). Kwenye AFCON ya Morocco, hukuweza kununua bila kitambulisho cha shabiki kutoka programu ya Yalla. Ukingoja siku ya mauzo ndipo ujisajili, ushachelewa.

Hatua ya 2: Anwani
Anzia cafonline.com au kurasa rasmi za FKF (shirikisho la soka la Kenya), ufuate kiungo cha tiketi kutoka hapo. Kiungo cha WhatsApp usikibonyeze, hata kikitoka kwa ami yako.

Hatua ya 3: Nauli kabla ya tiketi
Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, kisha karibu 480 nyingine hadi Nairobi. Basi la kwenda na kurudi na kitanda cha usiku mmoja vinaweza kupita bei ya kiti cha kawaida uwanjani. Changeni nauli kwanza, na asiyetimiza asinunuliwe kiti. Kiti cha mtu asiyeweza kusafiri ndicho huangukia mikononi mwa mlanguzi.

Malipo yakidai kadi, M-Pesa GlobalPay hutoa kadi ya Visa ndani ya simu. Ifungue na uijaribu mapema.

Hatua ya 4: Ni kura au ni foleni?
Soma masharti: wanunuzi huchaguliwa kwa kubahatisha, au aliyetangulia ndiye hupata? Ikiwa ni kura, kama FIFA ilivyofanya katika baadhi ya awamu za Kombe la Dunia la 2026, aliyeomba dakika ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho wana bahati sawa. Mwombaji akichaguliwa, kadi yake inaweza kukatwa moja kwa moja, basi pesa ziwemo. Mimi naipenda kura. Haimwadhibu mtu ambaye stima imekatika mtaani kwake.

Ikiwa ni foleni, ingia mapema, tumia bando la simu kuliko kutegemea waifai, na usifungue ukurasa upya kila mara, utarudishwa mwisho. Ukishaweka PIN ya M-Pesa na ukurasa ukaganda, soma ujumbe wa malipo kwanza. Usilipe mara ya pili kwa pupa.

Hatua ya 5: Mtu akishindwa kwenda
Uuzaji wa tiketi kwa mara ya pili hautendi haki kila mahali. Euro 2024 iliruhusu kurudisha tiketi kwenye mfumo wake kwa bei ileile. Soko la FIFA la 2026 lilikata asilimia 15 kwa mnunuzi na 15 kwa muuzaji: tiketi ya dola 100, mnunuzi atoe 115, muuzaji apokee 85. Kikundini kwetu kanuni ni moja: anayeachia kiti hulipwa alichotoa, si shilingi zaidi, na tiketi huhamishwa kwenye mfumo rasmi. Skrinishoti haihesabiki, maana tiketi nyingi za simu hubadilisha alama yake ya kuskaniwa getini kila baada ya muda mfupi.

Wala usiweke picha ya tiketi kwenye stetasi. Alama isiyobadilika ikishaskaniwa na mwingine, wewe utabaki getini na kitambulisho chako mkononi. Na beba pawabenki: safari ya usiku humaliza chaji, na simu iliyozimika haifungui geti.