Kuchagua doti, tyubu au skopu kwa bastola ya upepo: vile tulifanya na afande

Mwezi uliopita nilikuwa Tororo kwa shemeji yangu, na jirani yake ni mzee mmoja askari mstaafu, mtaa mzima unamwita afande. Ana bastola ya upepo ya gesi, makaratasi yake yako sawa, shida ni macho. Akiangalia kilengeo cha mbele, karatasi inakuwa ukungu, akiangalia karatasi, kilengeo kinapotea. Akaniambia, "Mwanangu, nitafutie kitu ambacho macho yangu yataweza." Hiyo ndo sababu nzuri kuliko zote ya kuweka kilengeo cha lenzi, manake kwenye vilengeo vya chuma jicho linahangaika na vitu vitatu vya umbali tofauti, lakini kwenye doti nyekundu, yaani kilengeo chenye kioo kinachoonyesha nukta ya mwanga, wewe unaangalia shabaha tu na doti inaonekana pale pale juu yake. Tulitumia wikendi mbili na peleti nyingi sana, kwa hiyo naandika ili wewe usipite njia ile ile.

Kitu kimoja kwanza. Silaha hapa Uganda ziko chini ya sheria ya mwaka 1970 na mambo ya leseni ni ya polisi, kwa hiyo kabla hujaagiza bastola yenyewe nenda ukawaulize wao, usitegemee maneno ya mtu anayekuuzia.

Hatua ya 1: Unapiga kwa ajili ya nini?

Kama ndoto yako ni mashindano ya mita 10 ya ISSF (shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha), yale yaliyoingia Olimpiki mwaka 1988 kule Seoul, funga pochi. Kule ni vilengeo vya wazi tu, doti, skopu, leza, vyote marufuku. Zoea chuma kuanzia leo. Kama ni mazoezi ya nyumbani, kushindana na marafiki, au macho kama ya afande, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Pima reli kabla ya kupenda kilengeo chochote

Watu wanaanza na picha nzuri mtandaoni. Anza na rula. Bastola nyingi za upepo ziko na reli nyembamba ya milimita 11, ile yenye mifereji miwili iliyochongwa ubavuni. Vilengeo vingi vya bei rahisi vinakuja na mguu wa Weaver au Picatinny, ambao ni kama milimita 21. Haviingiliani kabisa. Na nyingine hazina reli yoyote, kwa mfano Crosman 2240 ikitoka kiwandani iko na bodi ya plastiki, inabidi ununue bodi ya chuma yenye reli au vishikilio vinavyobana mtutu.

Muuzaji atakuambia chukua adapta ya 11 kwenda 21. Mimi sipendi adapta, nasema wazi. Ni skrubu mbili zaidi za kulegea na inainua kilengeo juu bila sababu. Afande alikuwa ameshanunua moja, na baada ya siku moja ilikuwa imeteleza nyuma karibu milimita mbili, tulijua tu kwa sababu nilikuwa nimechora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu mpaka kwenye reli, na mstari ulikuwa umekatika. Tukatafuta kilengeo chenye mguu wa milimita 11 wake mwenyewe. Rangi ya kucha paka hata hivyo, bei yake ni ndogo na inakuambia ukweli.

Kama bastola yako ni ya springi, mfano Weihrauch HW45, kuna mambo mawili. Moja, unaikoki kwa kuinua sehemu yote ya juu, kwa hiyo kilengeo kikubwa pale juu kinakusumbua mkono. Mbili, springi inarusha bastola nyuma halafu inairudisha mbele, na huo mtikisiko wa pande mbili unaua lenzi za bei rahisi. Uliza kabisa kama kilengeo kimetengenezwa kwa springi. Kwa gesi na kwa hewa ya kujaza wala usihangaike.

Hatua ya 3: Aina

Skopu ya bunduki ndefu usiiweke kwenye bastola. Inataka jicho liwe sentimita 8 au 10 kutoka kwenye lenzi, na wewe umenyoosha mkono, utaona duara jeusi tu. Ziko skopu za bastola zilizotengenezwa kwa umbali wa mkono, lakini hata ile ya kukuza mara 2 inakuza pia mtetemeko wako, dirisha ni dogo kulipata, na uzito uko juu. Nazipendekeza kama unapiga ukiwa umeegemeza tu.

Leza, hapana. Jua la saa saba la huku kwetu linaimeza, doti huioni kwenye karatasi hata mita 10.

Zimebaki mbili: doti ya dirisha la wazi, ile ndogo yenye kioo kimoja kimesimama, na doti ya tyubu, ile kama kipande cha bomba. Ya wazi ni nyepesi na doti unaipata haraka. Ya tyubu ni nzito kidogo. Mimi kwa mita 10 nachagua tyubu, na sababu utaiona hatua ya 6. Ukitaka kujua kama mkono wako utabeba, nyoosha mkono na chupa ya maji ya nusu lita, hiyo ni gramu 500 na zaidi kidogo, ukae nayo dakika moja. Ukitetemeka na hiyo, basi kila gramu unayoongeza juu ya bastola ihesabu.

Hatua ya 4: Ukubwa wa doti

MOA ni kipimo cha pembe kinachotumika kupima doti na kurekebisha kilengeo, na MOA 1 kwa mita 10 ni milimita 2.9. Kwa hiyo doti ya MOA 3 inafunika kama milimita 9, na duara la kumi, lile la katikati ya karatasi ya mita 10, ni milimita 11.5, inakaa vizuri ndani. Doti ya MOA 8 inafunika milimita 23, inameza duara la kumi lote na sehemu ya duara la tisa. Chukua 2 au 3.

Hatua ya 5: Jaribu na jicho lako, sio jicho la muuzaji

Washa doti, punguza mwanga mpaka iwe inaonekana tu, angalia ukutani. Ukiona duara, sawa. Ukiona mkia, nyota, au doti mbili, usirudishe mzigo haraka, kwanza piga picha kwa simu kupitia kile kioo. Simu ikionyesha duara safi, basi kilengeo ni kizima, ni jicho lako liko na astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho. Vaa miwani yako ujaribu tena. Ikiendelea, tafuta kilengeo chenye alama iliyochongwa ndani ya kioo, hiyo haitegemei taa peke yake. Afande alikuwa anaona kama mkia wa mkato upande wa chini, alipovaa miwani yake ya mbali ukaisha.

Hatua ya 6: Paralaksi, na hapa naomba usome polepole

Paralaksi ni doti kuhama juu ya shabaha pale jicho linapotoka katikati ya dirisha. Hii ndo ilikula Jumamosi yetu nzima. Mimi niliiziro bastola vizuri, yaani nilirekebisha kilengeo mpaka peleti zipige pale doti ilipo, tano zote ndani ya duara la kumi na la tisa, nikampa afande. Zake zote zikaenda kushoto, kama sentimita moja, gurupu zuri lakini kushoto. Nikazungusha skrubu ya kilengeo kliki nne kwenda kulia. Akapiga, katikati. Nikachukua mimi kuhakikisha, zangu sasa ziko kulia. Nikarudisha. Zake kushoto. Tukalaumu peleti, tukabadilisha kopo. Tukalaumu gesi, tukaweka mtungi mpya. Nikafungua kilengeo chote nikakifunga upya. Kufika magharibi kopo la peleti 500 lilikuwa chini ya nusu na afande ameshaanza kusema kilengeo ni kibovu kirudi kwa mwenyewe.

Jioni hiyo nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza asubuhi: "Afande, ukiangalia, doti inakaa wapi ndani ya dirisha?" Akasema, "Iko huku kulia, karibu na ukingo." Kumbe.

Iko hivi. Vilengeo vingi vya doti vinaandikwa kwamba havina paralaksi, lakini hiyo inakuwa kweli kwa umbali ambao kiwanda kimevipangia, mara nyingi kama mita 50 au zaidi. Wewe uko mita 10. Kwa mita 10, jicho likitoka katikati ya dirisha kwa sentimita moja, doti inakudanganya kwa karibu milimita 8. Doti ikiwa upande wa kulia wa dirisha, peleti zinaenda kushoto. Ikiwa juu, peleti zinaenda chini. Afande alikuwa na doti kulia, mimi katikati, kwa hiyo kilengeo kilikuwa kizima, peleti zilikuwa nzima, na kila kliki niliyozungusha siku ile ilikuwa kazi bure.

Jaribio lake ni rahisi na unaweza kulifanya hata dukani kabla ya kulipa, bila peleti yoyote. Pima mita 10 kwa futi kamba. Nyumbani tuliweka bastola tupu juu ya mifuko miwili ya mchele, mmoja mbele, mmoja chini ya mpini, tukaielekeza mpaka doti ikakaa katikati ya kumi tukiwa tumeangalia katikati ya dirisha. Halafu usiiguse tena. Mikono mgongoni. Sogeza kichwa peke yake, polepole, mpaka doti ifike ukingo wa kulia, useme iko juu ya namba gani. Halafu kushoto, juu, chini. Afande alikuwa ananitajia na mimi naandika: "Kumi... bado kumi... sasa tisa." Upana wa kila duara ni milimita 8, kwa hiyo unasoma kosa moja kwa moja kwenye karatasi. Dirisha la milimita 28 kwa hesabu linakupeleka kama milimita 11 kutoka katikati, yaani ndani ya tisa. Kama doti inatembea mpaka nane au saba, hiyo lenzi ni mbaya, acha hapo hapo.

Ndo maana napenda tyubu. Dirisha kubwa la wazi linakuonyesha doti hata kichwa kikiwa kimekaa vibaya, na linaruhusu kosa kubwa zaidi. Tyubu ya milimita 20 inakunyima doti mapema, kosa lake haliwezi kupita milimita 8.

Kama ulishanunua la dirisha kubwa, usilie. Chukua tepu nyeusi ya umeme, kata duara, toboa tundu la milimita 12 katikati, bandika kwenye kioo, upande wa jicho lako. Kosa linashuka mpaka milimita 5 hivi. Lakini angalia: tundu likae katikati kabisa la sivyo umejiwekea kosa la kudumu, tepu isiguse mahali taa ya doti inapopita, na ikifika saa kumi na mbili jioni utaona giza, bandua. Kama una jicho la kushoto lenye nguvu na unashika kwa mkono wa kulia, tepu hii itakusumbua wiki ya kwanza kwa sababu doti utakuwa huioni kabisa. Kaza. Afande siku ya kwanza alikasirika, Jumapili ya wikendi ya pili mimi na yeye tulikuwa tunapiga tundu moja kwa kliki zile zile bila kugusa kitu.

Hatua ya 7: Kuziro

Tatu tatu, sio moja moja. Kliki ya MOA 1 ni milimita 2.9, kliki ya nusu ni milimita 1.5, kwa hiyo kusogea sentimita 3 ni kliki 10 au 20. Kwa gesi ya CO2 subiri nusu dakika kati ya peleti, ukipiga haraka mtungi unapoa, nguvu inashuka na peleti zinaanguka chini, utaziro uongo. Na usiache bastola juani.

Kliki za juu zikiisha kabla hujafika, kipande cha kopo la soda chini ya nyuma ya kilengeo kinatosha. Kwa mguu wa sentimita 10, unene wa milimita 0.1 unapandisha sentimita 1 kwenye karatasi.

Hatua ya 8: Betri

Chukua kilengeo kinachotumia CR2032, betri ndogo bapa ya mviringo, hiyo iko hata kwa mafundi wa funguo za gari. Na kifuniko kiwe juu au ubavuni, sio chini, la sivyo kila ukibadilisha betri unafungua kilengeo na unaanza hatua ya 7 upya.