Kuomba hataza ya fremu ya kifaa cha kupandikizwa mwilini ukiwa Arusha au Moshi

Kama umebuni fremu ya kushikilia kifaa kinachowekwa ndani ya mwili, iwe stenti (kimrija cha kuacha mshipa wazi), vali ya moyo au kichujio cha damu iliyoganda, huna haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam kila hatua ikifika. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwenye kompyuta. Nguvu inahitajika kwenye maandishi, na kwenye maandishi ndiko watu wetu wa Njiro na Tengeru hapa Arusha, na wa hospitali ya KCMC Moshi, wanakopoteza haki huku wakiwa na kazi nzuri mkononi.

Sisi tuliomba hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wako bila idhini, kwa fremu ya vali ya mshipa wa mguu. Hubanwa ndani ya katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa, ikiwa nyembamba; ikifika mahali pake hujikunjua na kushika ukuta wa mshipa. Hataza ilitoka, ila ripoti ya kwanza ya mchunguzi wa ofisi ya hataza ilitula fedha nyingi, kwa sababu ya maandishi mabovu, na kutuchelewesha sana. Hatua nyingine nitazipita haraka, hii ya maandishi nitakaa nayo.

Kabla ya fomu yoyote

Funga mdomo. Upya wa uvumbuzi hupimwa dhidi ya kila kilichowahi kuwekwa hadharani popote duniani, pamoja na ulichoweka hadharani wewe mwenyewe. Bango kwenye kongamano la madaktari, banda la Nane Nane pale Themi, maonyesho ya MAKISATU (mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), video iliyorushwa kwenye kundi la simu: vyote vinahesabika. Sheria zina nafuu ndogo kwa baadhi ya maonyesho, lakini usijenge juu yake. Kwa wanafunzi, hatari kubwa ni tasnifu. Ikishapandishwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, imetoka. Ongea mapema na msimamizi wako na mkutubi ili izuiwe mpaka ombi lipate tarehe ya kuwasilishwa.

Mirija ya nitinoli (aloi ya nikeli na titani) ya kutengenezea fremu hukatwa kwa leza maalumu, na mara nyingi utalazimika kutuma michoro nje ya nchi ili upate sampuli ya chuma. Mkataba wa kutunza siri usainiwe kabla ya faili kutumwa. Ukishatuma, huna cha kumshikia mtu.

Jua pia mwenye mali ni nani. Kama fremu imetokana na kazi uliyoajiriwa kuifanya, kwa kawaida haki ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba unasema vingine. Hospitali na vyuo vina sera zao za miliki bunifu. Omba nakala uisome. Mwombaji asipokuwa mvumbuzi mwenyewe, atatakiwa kuonyesha haki ilimfikiaje, kwa hiyo hati ya kuhamisha haki iwe na saini za wavumbuzi wote. Daktari aliyesema tu "jaribuni kuipinda hapa" na fremu ikakubali anaweza kuwa mvumbuzi kwa sheria. Mwandike.

Soma zilizotangulia

Tafuta bure kwenye Espacenet na Patentscope, hazina za hataza za mtandaoni. Ukitafuta kwa maneno utazama, tafuta kwa alama za uainishaji: A61F 2/82 ni stenti, A61F 2/91 ni zile zinazokatwa kutoka kwenye mrija au bamba lenye matundu, A61F 2/24 ni vali za moyo. Anza na hataza ya Marekani ya Julio Palmaz ya mwaka 1988, mrija wenye mipasuo unaotanuliwa kwa puto. Kisha soma ya Mdenmarki Henning Rud Andersen ya mwaka 1995, ambako vali imefungwa ndani ya stenti ili ipelekwe kwa katheta bila kupasua kifua. Miaka 7 baadaye, Aprili 2002, Alain Cribier aliweka vali ya aina hiyo kwa mgonjwa kule Rouen, Ufaransa. Hataza hizo za zamani zimeshaisha muda na unaruhusiwa kuzitumia. Lakini mchunguzi bado atakuwekea hizo mezani, kwa sababu hataza iliyokufa inaendelea kuua upya wa yako. Watu wengi hawalijui hili na wanajibu ripoti kwa kusema "ile imekwisha muda". Hilo si jibu.

Chagua njia

Kwa Tanzania Bara, hataza iko chini ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217. Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Unaweza kuomba hapa peke yake, au kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lenye makao Harare, ambako ombi moja linataja nchi kadhaa za Itifaki ya Harare ya mwaka 1982: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia na nyingine. Kifaa kama hiki soko lake ni hospitali za ukanda mzima, kwa hiyo mimi nashauri ARIPO. Ombi laweza kuwasilishwa kupitia BRELA, huandikwa kwa Kiingereza, na uchunguzi wake ni wa kina. Chagua nchi kwa akili, kwani kila unayoitaja ina ada yake.

Kama unalenga Ulaya au Marekani, tumia PCT, mkataba wa ushirikiano wa hataza unaosimamiwa na WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, ndani ya miezi 12 tangu ombi lako la kwanza. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na waombaji wake hupunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa ya kuwasilisha. Angalia sharti moja: waombaji wakiwa wengi, kila mmoja lazima awe anastahili. Ukimwingiza mshirika kutoka chuo cha Ulaya kama mwombaji mwenza, punguzo limeondoka lote. Makubaliano yenu ya kugawana mapato yanaweza kuandikwa kwenye mkataba wa pembeni.

Maelezo na madai: hapa usikimbie

Ombi lina maelezo, madai, michoro na muhtasari. Madai ndiyo mipaka ya shamba lako, na maelezo ndiyo akiba utakayoichota utakapobanwa. Kanuni inayotawala kila kitu ni hii: baada ya kuwasilisha, huruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwemo siku ile. Unaweza kupunguza na kubana, lakini kitu kipya hakiingii, hata kama umekijua miaka mingi.

Wakala tuliyemlipa alituandikia dai la kwanza lenye maana hii: "Fremu inayotanuka ndani ya mshipa na kushikilia vali bila kuteleza." Linasikika zuri. Ukilisoma kwa jicho la mchunguzi, linaeleza matokeo tu, na stenti yoyote tangu miaka ya themanini inatanuka na kushika. Maelezo aliyoandika yalirudia madai yaleyale kwa maneno mengine. Daftari letu la karakana lilikuwa na upana wa vijiti, unene wa ukuta, halijoto ya kuoka umbo. Tulimpa lote, na hakuna kilichoingia.

Dai la fremu linalosimama linataja umbo. Mfano: fremu yenye pete tatu za zigzagi; pete ya kati imeungana na ya juu kwa vijiti vilivyopinda kama herufi S; vijiti hivyo vimewekwa kwenye kona moja na kurukwa kona inayofuata; upana wa kijiti kwenye kona ni mdogo kuliko katikati yake. Sasa mtu anaweza kuinua stenti nyingine na kusema ndiyo au hapana.

Chini ya dai hilo panga madai tegemezi, kila moja likibana zaidi. Vipimo uviandike kwa ngazi kwenye maelezo: kipenyo kikitanuka milimita 8 hadi 16, hasa 10 hadi 14, hasa zaidi 12. Mchunguzi akikuonyesha andiko la zamani lenye 9, unashuka ngazi moja na bado una mahali pa kusimama. Ukiwa umeandika "kipenyo kinachofaa", huna pa kushuka.

Eleza kiasi cha fundi mwenye ujuzi wa fani kuweza kuitengeneza bila kukupigia simu. Kwa nitinoli, taja mrija ulioanza nao, jinsi ulivyoushika kwenye umbo ukiokwa, karibu na nyuzi 500 za Selsiasi, na halijoto ambayo fremu inarudi kwenye umbo lake, ambayo lazima iwe chini ya joto la mwili, nyuzi 37. Taja na chuma mbadala kama aloi ya kobalti na kromi, hata kama hukuijaribu, ili mshindani asibadilishe malighafi tu akapita.

Majaribio kwa mgonjwa si sharti la kupata hataza. Vipimo vya maabara vinasaidia sana, hata vya kupinda fremu na kupima inafupika kiasi gani. Usiahidi usichopima: moyo hupiga karibu mara milioni 40 kwa mwaka, na vali za moyo za tishu hupimwa mizunguko milioni 200 kwenye mashine, kama miaka 5 ya kazi. Mtu akiandika "haichakai" bila namba, anamfungulia mchunguzi mlango.

Ondoa kabisa dai la "njia ya kumwekea mgonjwa fremu". Sheria yetu haitoi hataza kwa njia za kutibu au kupasua mwili wa binadamu, lakini inaruhusu vifaa vinavyotumika kwenye njia hizo. Dai kifaa, dai mkusanyiko wa fremu pamoja na katheta yake, dai njia ya kuitengeneza kiwandani. Wakala wetu aliweka madai mawili ya namna hiyo, tukalipia kuyaandika na tukalipia tena kuyafuta.

Michoro iwe mistari myeusi, bila rangi wala kivuli cha programu ya kompyuta, na kila sehemu iwe na namba ileile kwenye mchoro na kwenye maelezo. Chora fremu ikiwa imebanwa, ikiwa imetanuka, na zaidi ya yote ikiwa imepasuliwa kwa urefu na kutandazwa kama mkeka. Mchoro wa kutandaza ndio unaoonyesha kijiti gani kimegusa kona ipi.

Kuwasilisha

Fungua akaunti kwenye mfumo wa usajili wa BRELA kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), jaza, pandisha hati, chukua kumbukumbu namba ya malipo, lipa kwa benki au simu. Hakikisha jina lako kwenye ombi linafanana herufi kwa herufi na la NIDA. Hifadhi risiti na barua yenye tarehe ya kuwasilisha mahali pawili tofauti, maana tarehe hiyo ndiyo inayobeba kila muda unaofuata.

Kwa ARIPO, ombi la kufanyiwa uchunguzi wa kina linatakiwa ndani ya miaka 3 tangu kuwasilisha. Halijiwashi lenyewe. Liweke kwenye kalenda ya kila mvumbuzi.

Ripoti ya uchunguzi ikifika

Itataja maandiko ya zamani na kusema dai lako si jipya, au si hatua ya uvumbuzi kwa sababu fundi angeunganisha andiko la kwanza na la pili. Usikasirike na usijibu siku hiyohiyo. Chapisha madai yako, chukua kila andiko, upige mstari kila kipengele chako kilichomo. Kinachobaki bila mstari ndiyo hataza yako. Kisha jibu kwa mpangilio huu: andiko lipi liko karibu zaidi, tofauti ni ipi, tofauti hiyo inafanya nini mwilini, na kwa nini fundi asingeifikia. Hoja ya nguvu ni pale maandiko ya zamani yanapomwelekeza fundi upande mwingine, kwa mfano yanaposema viungo viwe vingi ili fremu isiteleze, na wewe umevipunguza ikashika vizuri zaidi.

Sisi tulitaka kubana dai kwa upana wa vijiti, tukakataliwa kwa kuwa haukuandikwa. Kilichotuokoa ni mchoro wa kutandaza, ambao tulisisitiza sisi wenyewe uingie. Ulionyesha wazi viungo vikiruka kona moja moja. Dai jipya lilijengwa juu ya hilo na likakubaliwa, lakini ni jembamba kuliko fremu ilivyostahili. Mshindani akiunganisha kila kona, yuko nje ya shamba letu.

Kila pingamizi lijibiwe, hata dogo la maneno kama "laini" au "takriban". Muda wa kujibu umeandikwa kwenye barua. Ukihitaji nyongeza, omba kabla haujaisha. Kama kuna mtu wa kukusaidia kusoma michoro, mtafute kwa wahandisi wa TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo pale Njiro, au kwa mafundi wa viungo bandia wa chuo cha TATCOT Moshi. Watu wanaoshika vifaa hivi kila siku huona tofauti ambayo wakala wa sheria haioni.

Baada ya kukubaliwa

ARIPO ikiamua kutoa hataza, huziarifu nchi ulizotaja, na kila nchi ina miezi 6 ya kupinga isitumike kwake. Ada ya mwaka hulipwa kwa kila nchi, na huanza kudaiwa hata ombi likiwa bado kwenye uchunguzi. Usiposhika tarehe utalipa na adhabu, na ukiacha kabisa haki inakufa. Hesabu ada hizo kabla ya kuchagua nchi nane.

Hataza haikupi ruhusa ya kuuza wala kumwekea mtu fremu. Usajili wa vifaa tiba ni kazi ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na utafiti kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Faili hizo zinaweza kuanza mapema, mradi ombi la hataza limeshapata tarehe.