Somo: Kuombea setilaiti masafa na mzingo, hatua kwa hatua

Ndugu zangu, somo hili ni la yeyote anayeunda setilaiti au mwenye nia ya kuunda. Timu nyingi huanzia kwenye chuma: betri, kamera, antena. Karatasi za masafa, yaani namba za mawimbi ambayo redio hutumia, huachwa hadi mwisho, na mradi hukwama hapo, kwa kuwa roketi haimsubiri mtu. Ushauri wangu ni mmoja: siku unayochagua redio ya kufunga ndani ya setilaiti, fungua na faili la masafa siku hiyo hiyo.

Sheria kuu ni Kanuni za Redio, mkataba unaozifunga nchi wanachama wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva. Mizizi yake ni mkutano wa Berlin wa 1906, na hurekebishwa kwenye mkutano wa dunia wa redio kila baada ya miaka mitatu hadi minne. Ule wa 2023 ulifanyika Dubai. Ibara ya 44 ya Katiba ya ITU inatamka kwamba masafa na mizingo ni rasilimali asilia zenye kikomo, na nchi zote zina haki ya kuzifikia. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Tafuta bendi, yaani kipande cha masafa, inayoruhusu kazi yako. Fungua jedwali la mgao kwenye Ibara ya 5 ya Kanuni. Linaanzia 8.3 kHz, na mgao unafika 275 GHz. Dunia imegawanywa kanda tatu: Afrika na Ulaya ziko Kanda ya 1, mabara ya Amerika Kanda ya 2, sehemu kubwa ya Asia pamoja na Pasifiki Kanda ya 3. Angalia kama huduma yako ni ya msingi au ya daraja la pili. Wa daraja la pili hamsumbui wa msingi, na akisumbuliwa naye hana pa kulalamika.

Kisha soma tanbihi, tafadhali. Watu huziruka kwa sababu ya herufi ndogo, kumbe uzito uko humo. Tanbihi 5.340, kwa mfano, inapiga marufuku kurusha mawimbi yoyote kati ya 1400 na 1427 MHz. Hidrojeni ya angani hutoa mawimbi yake karibu na 1420 MHz, na darubini za redio huyasikiliza yakiwa dhaifu mno. Setilaiti moja ikipiga kelele pale, utafiti umeharibika.

Hatua ya 2: Nenda kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. ITU haipokei faili la kampuni wala la chuo. Faili huenda kwa jina la nchi, na nchi ndiyo inayowajibika.

Hatua ya 3: Taarifa ya awali. Mamlaka hupeleka taarifa za mtandao wako, ITU huzichapisha, na nchi nyingine hupewa miezi minne kutoa maoni. ITU ikishapokea taarifa kamili, saa imeanza: una miaka saba ya kuanza kuyatumia masafa hayo. Ikipita bure, haki imepotea.

Hatua ya 4: Uratibu. Hapa ndipo penye kazi, hasa kwenye mzingo wa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana imesimama mahali pamoja na kila nyuzi (digrii) moja ina wagombeaji. Faili lililotangulia ndilo linaloheshimiwa. Anayefuata ndiye anayepaswa kukubaliana na waliomtangulia kwamba hatawaingilia, na hapo hujadiliwa nguvu ya mawimbi, mwelekeo wa antena na umbali wa nyuzi kati ya setilaiti. Barua zinaweza kwenda na kurudi kwa miaka. Usiende kwenye meza hiyo bila mhandisi wa redio.

Hatua ya 5: Arifu na uanze kutumia. Kwenye mzingo wa ikweta, setilaiti yenye uwezo wa kurusha na kupokea masafa hayo lazima ikae kwenye nafasi yake siku 90 mfululizo. Makundi makubwa ya setilaiti za mizingo ya chini, kwenye bendi zilizotajwa na ITU, yana ratiba ya ziada: baada ya ile miaka saba, asilimia 10 ziwe angani ndani ya miaka miwili, 50 ndani ya mitano, zote ndani ya saba. Ukikamilisha, unaandikwa kwenye Daftari Kuu la Kimataifa la Masafa.

MASWALI

Mwalimu, kama wa kwanza ndiye mwenye haki, nchi zilizochelewa zitapata wapi nafasi?
Swali zito. Mwaka 1976 nchi kadhaa za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Kolombia na Indonesia, zilitangaza kule Bogotá kwamba mzingo ulio juu yao ni mali yao. Dai hilo halikukubalika, lakini hoja ya usawa haikufa. Viambatisho vya 30, 30A na 30B vya Kanuni vinatunza nafasi za nchi hata kama hazina setilaiti. Uliza mamlaka yako nafasi ya nchi iko nyuzi ngapi na imefikia wapi.

Setilaiti yetu ya chuo ni ndogo sana na itaishi mwaka mmoja. Nasi tupite kote huko?
Udogo haukuondolei wajibu. Ila tangu mkutano wa 2019 kuna utaratibu mwepesi kwa safari zisizozidi miaka mitatu, na bendi zinazotumika hazihitaji uratibu. Mkitaka masafa ya redio ya ridhaa, yaani ya wapenzi wa redio wasiolipwa, kazi isiwe ya kibiashara, na ombeni mapema uratibu wa IARU, umoja wao wa kimataifa. Mamlaka ya nchi bado haikwepeki.

Na mtu akituingilia, tumshtaki wapi?
ITU haina polisi. Andika saa, masafa, nguvu ya mawimbi na mahali ulipopimia, kisha mamlaka yako iiandikie nchi inayohusika kwa mujibu wa Ibara ya 15 ya Kanuni. Wakishindwana, ITU husaidia, na suala linaweza kufika kwenye Bodi ya Kanuni za Redio yenye wajumbe 12. Kama hamkuandikwa kwenye Daftari Kuu, malalamiko yenu yatakuwa na nguvu ndogo sana.