Hela ya Trump haikuwa yangu: usiingie mkenge niliouingia mimi

Mjomba wangu pale Kibirizi ana injini ya boti aliyoianzia kwa hela ambayo serikali ya Marekani iliniwekea kimakosa. Mimi hela hiyo nimeirudisha yote. Yeye injini anayo. Mwezi huu nimekuja Kigoma likizo, nimemkuta mwaloni anageuza dagaa juani, na kabla hata sijamaliza kumwamkia akaniuliza, "Mpwa wangu, zile hela za Trump hazitoki tena?"

Na kijana wa dada yangu amepata chuo Marekani, anaondoka mwezi wa nane. Kwa hiyo naandika kwa ajili yake, na kwa yeyote anayeishi kule kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi) au J-1 (ya mabadilishano ya masomo na utafiti) akidhani kwamba hela ikiingia yenyewe basi ni yake.

Kwa ambao hamkuwepo: tarehe 27 Machi 2020, wakati wa korona, Marekani chini ya Rais Trump ilipitisha sheria ya kumpa kila mtu mzima anayestahili dola 1,200, na dola 500 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17. Mwisho wa Desemba 2020 ikaja ya pili, dola 600. Machi 2021 ikaja ya tatu, dola 1,400. Watu waliziona kama zawadi. Kisheria zilikuwa nafuu ya kodi iliyolipwa mapema, na hapo ndipo shida yote ilipozaliwa, kwa sababu hapakuwa na fomu ya kuomba wala dirisha la kupangia foleni. Kompyuta ya idara ya kodi ilichungulia ritani yako, yaani fomu ya kodi ya kila mwaka, ya mwaka uliopita, ikaona umejaza nini, ikakutumia.

Sisi huku hela ya serikali haijawahi kumfuata mtu. Unaifuata wewe: barua ya mtendaji, nakala ya NIDA, picha mbili za pasipoti, rudi Alhamisi. Sasa fikiria mtoto wa Ujiji anaamka asubuhi Aprili 2020, Louisville, Kentucky, kazi ya maktaba ya chuo imesimama, anafungua simu kuangalia kama kodi ya chumba itatosha, anakuta dola 1,200 zimeingia. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya milioni mbili na laki saba. Sikuuliza. Nilimshukuru Mungu, nikamtumia mjomba dola 900 za kuanzia injini.

Turudi nyuma miezi miwili, maana kosa langu lilitokea Februari. Mtaa niliokuwa nakaa umejaa Wakongomani waliopitia kambi ya Nyarugusu. Ukisikia mtu anasema "nimekaa Kasulu miaka kumi na minane" unajua umefika nyumbani. Wao walikuwa wanakwenda kufaili kodi bure kwa mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anajitolea, nami nikaunga msafara. Mzee mpole kweli, ana biskuti mezani. Akachukua W-2 yangu, ile karatasi ya mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, akaona nina namba ya soshali, ile wanayopewa wanaofanya kazi kule, akafungua programu ileile aliyowajazia jirani zangu. Programu ikauliza: wewe ni raia au mkazi?

Nikasema mkazi.

Hapo, ndugu zangu. Neno moja. Nilikuwa na miaka miwili na nusu kule, nina chumba, nina leseni ya udereva, nakatwa kodi kila mshahara. Kigoma mkazi ni yule ambaye balozi wa nyumba kumi anamjua. Kwenye kodi ya Marekani mkazi ni kitu kingine kabisa, kinahesabiwa kwa sheria, na mwanafunzi wa F-1 hahesabiwi mkazi kwa miaka mitano ya kwanza. Anaitwa mgeni asiye mkazi. Fomu yake ni 1040-NR. Mimi nilijaziwa 1040, fomu ya raia na wakazi. Na mgeni asiye mkazi ndiye mtu wa kwanza aliyetajwa na sheria ile kwamba hapati kitu, iwe hundi, ndivyo hela hizo zilivyoitwa, ya kwanza, ya pili au ya tatu.

Sasa sikilizeni hesabu ya hiyo miaka mitano, maana ndimo wengi wanamozama. Ni miaka ya kalenda. Si miezi sitini. Nilifika Agosti 2017, kwa hiyo 2017 yote inahesabiwa mwaka wa kwanza, ingawa niliishi miezi minne tu. 2018 wa pili, 2019 wa tatu, 2020 wa nne, 2021 wa tano. Mpaka Januari 2022 ndipo siku zangu zilianza kuhesabiwa kwenye kile kipimo chao cha siku 183 cha kuamua nani ni mkazi. Wa J-1 ambaye si mwanafunzi, kama mwalimu au mtafiti, yeye ana miaka miwili badala ya mitano.

Narudia, na nitarudia tena: kuwa na namba ya soshali hakukufanyi mkazi. Kukatwa kodi hakukufanyi mkazi. Kuhitimu ukapata kazi ya mwaka mmoja ya mafunzo, ukavaa tai, ukalipwa mshahara wa watu wazima, bado uko F-1 na bado miaka mitano inakuhusu. Nawafahamu Watanzania wawili waliojikwaa hapo hapo, mmoja ana shahada ya uhasibu.

Jirani zangu wao walistahili kabisa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi hana hiyo likizo ya miaka mitano. Siku zake zinahesabiwa tangu anatua, na namba yake ya soshali ni ya kufanyia kazi. Kwa hiyo tulikaa meza moja, tukala biskuti zilezile, wao wakatoka na haki yao, mimi nikatoka na deni. Hela ilipoingia kwangu na kwao siku moja, nani angeshtuka?

Wengine waliokosa ni hawa. Wasio na namba ya soshali ya kufanyia kazi. Waliozidi kipato: nafuu ilianza kupungua kwenye dola 75,000 kwa mtu asiye na mwenza, na 150,000 kwa wanandoa. Na vijana wanaoweza kuandikwa kama tegemezi kwenye ritani ya mtu mwingine. Hili la mwisho lilimuumiza mama mmoja jirani, mtu wa Fizi. Mwanawe ana miaka 19, yuko chuo. Kwa sababu ni tegemezi wake, kijana hakupata 1,200. Kwa sababu amepita miaka 16, mama hakupata ile 500 yake. Alinishika mkono kwenye ngazi akaniuliza kama serikali inadhani mwanawe hali chakula. Hundi ya tatu ndiyo iliyorekebisha, ikahesabu tegemezi wa umri wowote.

Kuna pia ndoa za nusu kwa nusu: mmoja ana soshali, mwenzake anatumia ile namba ya kodi ya wasio na soshali. Hundi ya kwanza iliwanyima wote wawili, na watoto wao raia juu yake, kama walifaili pamoja na hakuna mwanajeshi kati yao. Sheria ya Desemba 2020 ikamrudishia mwenye soshali. Nchi inayohubiri ndoa makanisani kila Jumapili iliwafanya watu watamani wasingeoana. Nayasema haya kwa upendo, wamenilisha miaka mingi.

Tuje kwa ndugu zetu wa nyumbani. Habari za dola 500 kwa kila mtoto zilifika Ujiji kabla hata mimi sijazielewa. Shangazi akanitumia majina tisa, na tarehe za kuzaliwa, na picha ya cheti kimoja. "Tuandikishe na sisi, mwanangu, serikali haifilisiki." Shangazi yangu, nakuheshimu, lakini mtoto wa kuhesabiwa ni lazima awe ameishi na wewe kulekule zaidi ya nusu mwaka na awe na namba ya soshali. Mtu mzima tegemezi ni lazima awe raia, au mkazi wa Marekani, au anaishi Kanada au Meksiko. Ujiji haimo. Kumlisha mtu kwa kumtumia hela kila mwezi hakumfanyi tegemezi kwenye fomu. Na mimi, mgeni asiye mkazi, hata ningezaa mapacha pale Louisville nisingestahili.

Msitukasirikie tukikataa. Ile fomu mwishoni unatia sahihi kwamba ukidanganya sheria ikushike. Siyo fomu ya mchango wa harusi.

Niligundua Februari 2021, kwa aibu. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni iliitisha kikao cha mtandaoni kuhusu kodi, dada mmoja akasema kwa sauti tulivu, "Kama uko F-1 chini ya miaka mitano na umepokea hundi, si yako." Nilizima kamera. Wakati huo 1,200 ilishaliwa, na 600 ya pili ilishaingia Januari nayo ikaliwa.

Namna ya kurudisha ni hii. Iliyoingia benki: unaandika hundi yako binafsi au unanunua mani oda, ya kulipwa "U.S. Treasury", kwenye mstari wa maelezo unaandika 2020EIP na namba yako ya soshali, unaweka karatasi fupi ya kueleza kwa nini unarudisha, unapeleka posta. Ya tatu ilinifuata Aprili kama hundi ya karatasi, kompyuta yao bado inaniita mkazi. Hiyo huipeleki benki. Nyuma, pale pa kusaini, unaandika "Void", unairudisha bila kuikunja na bila pini. Nilikaa nayo mezani saa nzima, dola 1,400, ina jina langu limeandikwa sawasawa, na friji ina mayai manne.

Lakini hundi ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Ritani yenyewe ilikuwa mbovu. Nilirekebisha ya 2019 kwa fomu 1040-X, nikaambatanisha 1040-NR, na huko nikakuta kwamba ule msamaha wa jumla, yaani dola 12,200 za kipato zisizotozwa kodi, si wangu, na nafuu ya karo niliyopewa si yangu. Kuna nchi zina mkataba wa kodi na Marekani unaowapunguzia wanafunzi wao, Tanzania haina. Nikalipa tofauti na riba yake. Kwa miezi saba nilibeba maboksi ghalani usiku, baada ya kibali cha kufanya kazi kutoka, kulipa hela ambayo mjomba alikuwa anavulia.

Rafiki zangu wa Kimarekani waliniambia niache tu, hakuna anayefuatilia. Hawa watu wana roho nzuri na ushauri mbaya. Wao wakikosea wanaandikiwa barua, wanalipa, yanaisha. Wewe utakapoomba grinikadi (kibali cha ukazi wa kudumu) au uraia faili lako la kodi litakuja mezani. Na ubaya mwingine uko upande wa pili: mwenye grinikadi akijaza 1040-NR ili apunguze kodi, anaweza kuhesabiwa ameutupa ukazi wake, na fomu ya uraia inauliza swali hilo waziwazi.

Nimefikiri sana kwa nini nilianguka, mimi niliyekulia kwenye foleni. Kwetu afisa anakukagua kwanza. Anakunyanyasa, ndiyo, lakini kosa lako linafia dirishani. Marekani hakuna dirisha. Wanakuamini, wanakupa, wanatabasamu, kisha baada ya mwaka mmoja au mitatu bahasha inakuja. Mpaka leo sijui kipi ni bora. Ninachojua ni kwamba upole wa yule mzee wa biskuti ulinigharimu kuliko ukali wa karani yeyote wa Kigoma.

Mengine kwa ufupi. Fomu 8843, ya kueleza kwa nini siku zako hazihesabiwi, unajaza kila mwaka hata kama hukupata senti. Tumia programu inayojua 1040-NR. Vyuo vingi vinakulipia. Kwenye payslipu angalia: wa F-1 asiye mkazi hapaswi kukatwa ile 7.65 kwa mia ya soshali na Medicare (mafao ya uzeeni na bima ya afya ya wazee). Ukikatwa, mdai mwajiri, akishindwa jaza fomu 843 ya kudai urudishiwe. Mimi nilikatwa mwaka mzima, nikila ya haramu na kuacha ya halali. Hundi za majimbo zina sheria zao, hazifuati hii: ile ya California ya 2022 iliangalia kama uliishi jimboni angalau miezi sita ya 2020. Na atakayekuambia leo anaweza kukuombea zile za korona ni mwizi. Dirisha la mbili za kwanza lilifungwa 17 Mei 2024, la tatu 15 Aprili 2025.

Jana jioni nilimweka kijana kwenye ngazi ya nyumba ya mjomba, nikamwambia ahesabu miaka yake mitano kwa vidole. Akaanza na mwakani. Nikamkata, aanze na huu. Akauliza, je, angefika Desemba? Nikasema hata ukitua tarehe 31 usiku, umeula mwaka mzima.

Mjomba alikuwa anafuta plagi ya injini kwa kitambaa, hakuinua kichwa. "Basi asafiri Januari."

Nikamwambia chuo kinafunguliwa Agosti.