Namna ya Kutumia Bendi ya Mita 20 Bila Kuwaingilia Wengine

Bendi ya mita 20, inayoanzia megahezi 14.000 hadi 14.350, hutumiwa na waendesha redio wa ridhaa duniani kote, na hakuna kituo kinachoweza kudai masafa fulani kuwa yake. Katika mpangilio wa IARU, umoja wa kimataifa wa waendesha redio wa ridhaa, kwa Kanda ya 1, ambamo Afrika imo, sehemu ya chini hadi 14.070 ni ya msimbo wa Morse, kisha huja mawasiliano ya kidijitali, na sauti huanzia 14.101. Usirushe chochote kwenye 14.100, kwa kuwa hapo vituo 18 vya ishara, kikiwemo 5Z4B cha Kenya, hupokezana kwa sekunde 10 kila kimoja ili wasikilizaji wajue njia ya mawimbi imefunguka kuelekea wapi.

Kabla ya kuita, sikiliza kwa muda wa kutosha, kisha uliza kama masafa yanatumika, taja kitambulisho cha kituo chako, subiri, na uulize tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, ilhali ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu ukimya si ushahidi kwamba masafa ni matupu. Mawimbi ya bendi hii hudunda angani kwenye ayonosfia, tabaka la juu la angahewa, na kutua mbali, yakiliruka eneo la karibu. Kwa hiyo aliye Mombasa anaweza asimsikie kabisa mwenzake wa Nairobi anayezungumza na Ujerumani, huku yule wa Ujerumani akiwasikia wote wawili kwa pamoja. Kwa Morse, swali hilo hutumwa kama QRL likifuatiwa na alama ya kuuliza. Ukijibiwa kwamba yanatumika, hama bila kubishana.

Sauti huchukua takriban kilohezi 2.7, hivyo kaa angalau kilohezi 3 kutoka kwa jirani yako. Kumbuka pia kwamba sauti huenea juu ya namba inayoonekana kwenye redio: ukisoma 14.348, tayari umevuka mpaka wa bendi.

Kituo adimu kinachoitwa na wengi kikitangaza kwamba kinasikiliza kilohezi 5 juu, kiite huko juu tu, maana ukikiita kwenye masafa yake unawazibia wote wanaosubiri kukisikia.

Njia ya mawimbi ikibadilika na mazungumzo mawili yakagongana, hakuna aliyekosa; ahame yule ambaye kuhama kwake kutawasumbua watu wachache zaidi.