Kufunga kengele ya kamera kwenye nyaya za kengele ya zamani

Kabla hujanunua chochote jua kwanza kengele uliyonayo inatumia umeme gani, hapo ndo watu wengi wanaruka. Nyumba nyingi za Marekani na Kanada zina katransfoma kanakoshusha volti 120 mpaka 16 hivi, ila huku kwetu Dar au Nairobi ding-dong nyingi za waya zinakula 230 au 240 moja kwa moja, na nyaya hizo ukiziunga kwenye kamera inaungua hapohapo na wewe unaweza kufa. Kama yako ni ya hivyo mwite fundi umeme afunge transfoma ya kengele pamoja na kengele ya ndani ya volti ndogo, tafadhali usilazimishe.

Kama transfoma ipo, soma maandishi yake. Kamera nyingi za waya zinataka AC (umeme unaobadili mwelekeo) volti 16 hadi 24, na hapo angalia pia VA, yaani uwezo wa transfoma kubeba mzigo, maana transfoma za zamani nyingi ni 10VA tu, zilitosha kwa sababu umeme ulipita pale mtu akibonyeza basi, sasa kamera inakula saa 24 na usiku taa za infraredi za kuonea gizani zikiwaka inaanza kuzima na kuwaka, mtu analaumu Wi-Fi kumbe transfoma imezidiwa. Weka 30VA ulale usingizi.

Sasa kazi yenyewe. Zima breka, pima na mita uhakikishe. Fungua kifuniko cha kengele ya ndani utaona skrubu zimeandikwa Front (mlango wa mbele), Trans (transfoma) na Rear (mlango wa nyuma). Kile kiboksi kilichokuja na kamera, waya mmoja Front mwingine Trans, nyaya za zamani ziache zilivyo, kiboksi hicho kinapitisha umeme wa kamera pembeni ya koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma nyundo ya kengele, bila hicho kengele inaweza kuvuma nzzz kutwa nzima. Kamera zingine zinakuja na kipande cha waya tu na hizo kengele ya ndani hailii tena, soma karatasi yake.

Mlangoni toa kitufe, nyaya zikunje ncha zisirudi ukutani maana kuzivua tena ni shughuli, halafu funga kwenye skrubu mbili za kamera, ni AC kwa hiyo upande wowote sawa. Washa breka, kwenye app ya kamera kwenye simu chagua kama kengele yako ya ndani ni ya nyundo au ya dijitali, kisha bonyeza kitufe cha mlangoni. Ikilia ding ikaganda inanguruma, zima breka fasta kabla koili haijaungua, kisha angalia upya kile kiboksi.